Mtoto Mkalimani na Kaka Aliyenyamaza



Ndugu wasomaji, safari hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi hulipita kwa kusema, "Watoto ndivyo walivyo, watagombana na watapatana." Nalo ni mashindano na wivu baina ya ndugu wa tumbo moja katika familia iliyohama. Tunawalenga zaidi ndugu zetu waliotoka Kongo na kutua Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, nchini Zambia. Lakini familia yoyote inayolea watoto mbali na kwao, iwe Muscat, London au Minneapolis, itajiona humu.

Rai yetu tunaiweka mwanzoni. Sehemu kubwa ya ugomvi huu huanza na sisi wazazi. Mzazi humfanya mtoto anayejua lugha ya wenyeji kuwa mdomo wa nyumba, kisha bila kukusudia humpa na cheo cha mkubwa. Yule aliye mkubwa kwa kuzaliwa hunyamaza. Kimya hicho wazazi wengi hudhani ni adabu, kumbe ni jeraha.

NYUMBA ILIVYOGEUKA

Kuanzia katikati ya mwaka 2017 maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Zambia wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa kwanza Kenani, na mwanzoni mwa 2018 serikali ya Zambia na shirika la UNHCR wakafungua makazi ya Mantapala, humo humo wilayani Nchelenge. Mpango ulikuwa familia zipewe kiwanja cha kujenga na sehemu ya kulima, na shule na zahanati zitumiwe na wageni pamoja na wenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hapo jembe lilitolewa kweli kweli.

Hii haikuwa mara ya kwanza kwa mkoa wa Luapula na jirani zake kupokea Wakongo. Vita vilivyoanza 1998 vilileta wengine, wakawekwa katika kambi za Kala huko Kawambwa na Mwange huko Mporokoso, ambazo baadaye zilifungwa. Na watu wa Pweto, kule kaskazini mwa ziwa, wana jamaa upande wa Zambia tangu enzi za mababu. Wengi wao wanasikia Kibemba hata kabla ya kuvuka. Lakini wale waliotoka mbali zaidi, kama Waluba wa ndani ya nchi, walifika na Kiswahili, Kiluba, na Kifaransa cha shule kwa waliosoma. Hayo tu ndiyo waliyokuwa nayo mdomoni.

Sasa chukueni mfano wa nyumba moja. Hatumsemi mtu fulani, ni mfano wa nyumba nyingi. Mtoto wa kwanza, mvulana, alivuka akiwa na miaka kumi. Alikuwa darasani huko kwao, anasoma Kifaransa, anawaongoza wadogo zake kwenda kisimani na madrasa. Wa pili, msichana, alivuka akiwa na miaka minne. Wa tatu alizaliwa Mantapala.

Walipofika, shule za Luapula zinafundisha madarasa ya chini kwa Kibemba, na ya juu kwa Kiingereza. Msichana hakuona shida. Alikipata Kibemba kwenye michezo na Kiingereza kwenye daftari. Kaka yake akarudishwa nyuma, akakaa benchi moja na watoto wafupi kuliko yeye, wakicheka matamshi yake. Miaka ikapita. Baba akitaka kuuza mihogo sokoni Kashikishi, anamwita msichana. Mama akienda zahanati, anamchukua msichana. Ikija barua ya shule au ya ofisi, wote wanakaa kimya mpaka msichana asome. Na jioni baba anasema mbele ya wote, "Huyu binti ndiye aliyetuokoa. Sijui wewe mwanamume una kazi gani."

Neno hilo moja, ndugu wasomaji, linatosha kuwasha moto wa miaka ishirini.

KILE ALICHOPOTEZA MKUBWA

Wazazi hufikiri mtoto mkubwa ana wivu wa sifa, au wa viatu vipya vya shule. Tukitazama vizuri, yule mvulana amepoteza vitu vitatu kwa mpigo.

Kwanza amepoteza nchi yake, na yeye ndiye anayeikumbuka. Mdogo wake haikumbuki nyumba ya Kongo wala majirani, kwa hiyo hana la kulilia. Mkubwa analia peke yake, na akisimulia anaambiwa, "Achana na mambo ya zamani."

Pili amepoteza elimu yake. Yale aliyoyajua kwa Kifaransa hayakuhesabiwa. Alikuwa mwanafunzi mzuri, amefika hapa amekuwa mjinga, na akili yake ni ile ile.

Tatu amepoteza nafasi yake. Katika nyumba zetu neno kaka lina kazi ndani yake. Kaka hutumwa kwanza, huulizwa kwanza, husimama mlangoni baba anaposafiri. Sasa mlangoni anasimama mdogo wake, kwa sababu anayebisha hodi anazungumza Kibemba.

Mtoto wa namna hii hatapiga kelele. Ataanza kuchelewa kurudi. Atakaa ziwani na wavuvi, na kila mwaka uvuvi unapofungwa, Desemba hadi mwisho wa Februari, atakosa hata kile kibarua. Atamkaripia dada yake kwa jambo dogo, kwa mfano chumvi imezidi, au amecheka na wenzake kwa Kibemba naye akadhani anachekwa yeye. Siku moja atasema anarudi ng'ambo, ingawa ng'ambo hana tena nyumba. Hapo ndipo mama huja kuuliza, "Mwanangu amerogwa na nani?"

NA MDOGO NAYE ANA MZIGO

Tusimsahau msichana. Watu wakimwona anasifiwa, wanadhani ameneemeka. Lakini fikirini mtoto wa miaka kumi na miwili anayesimama kati ya mama yake na muuguzi. Anasikia maradhi ya mama yake kabla mama hajayasikia. Analazimika kutamka maneno ambayo hata mtu mzima anayatamka kwa haya. Akikosea, dawa inanyweka vibaya. Akisikia habari mbaya, yeye ndiye wa kuibeba kuileta nyumbani.

Wenzetu wa nchi nyingine wameliona hili. Nchini Marekani, kanuni za afya zilizotolewa 2016 zilizuia hospitali na zahanati zinazopata fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto mdogo kama mkalimani, isipokuwa katika dharura ambapo hapatikani mwingine. Sababu ni nyepesi kuelewa: ulimi wa mtoto unaweza, ila moyo wake haujafika.

Pia mtoto huyu anajifunza jambo la hatari, nalo ni kuwa wazazi wake wanamhitaji zaidi ya yeye anavyowahitaji. Ataanza kufasiri anavyotaka. Mwalimu akisema amekosa adabu, nyumbani atasema mwalimu amesifu. Mwisho wake anakosa mtu wa kumwongoza, na kaka yake ambaye angemwongoza amekwishavuliwa sauti.

HAYA SI YA NCHELENGE PEKE YAKE

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala 1970, familia nyingi za asili ya Oman zilihamia huko kutoka pwani yetu. Wakubwa walikulia Kiswahili, wadogo wakasomea Kiarabu shuleni. Meza moja ya chakula, lugha mbili. Ndugu zetu wa Barawa waliohamia Uingereza wakikimbia vita vya Somalia vya miaka ya 1990 nao walifika na Chimini chao, na Kiingereza kikawafikia watoto kabla ya wazazi. Ukiwauliza wazee wa jamii hizo, watakwambia kwamba waliofaulu kubaki ndugu ni wale ambao wazazi wao hawakuifanya lugha ya wenyeji kuwa mizani ya kumpimia mtoto.

DINI YETU INASEMAJE

Katika Qur'ani Tukufu sura nzima imetengwa kusimulia kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) na ndugu zake. Wale kaka walimtupa mdogo wao kisimani kwa sababu waliamini baba yao anampenda yeye zaidi. Ya'qub (a.s.) alikuwa Nabii na hakuwa dhalimu. Hata hivyo walichokiona wale vijana, au walichodhani wamekiona, kiliwapeleka mbali namna ile. Ikiwa yalitokea katika nyumba ya Nabii, mimi na wewe tujione salama kwa lipi?

Lakini kipo kisa kingine ambacho tunaomba familia za wahamiaji zikisome kwa makini zaidi. Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni, alimuomba Mola wake ampe ndugu yake Harun awe msaidizi, kwa kuwa Harun alikuwa fasaha zaidi wa ulimi. Wafasiri wengi wanaeleza kuwa Harun ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Tazameni adabu iliyomo. Musa hakuona haya kusema ndugu yangu ananizidi kwa maneno. Na Harun, pamoja na ufasaha na umri wake, hakuufanya ulimi kuwa njia ya kuchukua nafasi ya Musa. Kila mmoja alibaki na alichopewa, na wakaenda pamoja.

Tunaye pia Zayd bin Thabit (r.a.), ambaye Mtume (S.A.W.) alimwagiza, akiwa bado kijana, ajifunze maandishi ya Mayahudi wa Madina ili amsomee na kumwandikia barua. Kwa hiyo kijana kuwa mkalimani ni heshima. Ni kazi aliyopewa, akashukuriwa kwayo, na wakubwa wakabaki wakubwa.

Na katika kugawa, ni maarufu kisa cha baba yake Nu'man bin Bashir (r.a.), aliyetaka kumpa mwanawe zawadi na akamtaka Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake. Alipojibu hapana, Mtume alikataa kushuhudia. Wanazuoni wameeleza kuwa zawadi ni jambo moja na mahitaji ni jingine. Anayekwenda shule atanunuliwa sare, na mgonjwa atanunuliwa dawa, bila kuwapa wengine kiasi kile kile. Ila inafaa watoto waelezwe, kwa sababu jicho la mtoto halitenganishi zawadi na hitaji.

HOJA YA WANAOTUPINGA

Yuko atakayesema, "Mnataka tumzuie binti aliyefaulu ili kaka yake asione uchungu?" Hasha. Tumesikia wapo wanaofanya hivyo. Wanamtoa binti shule, au wanaharakisha kumuoza, wakidai ni kurudisha heshima ya mwanamume. Huo ni udhalimu, na hautamponya kaka hata siku moja. Tangu 2022 Zambia imeondoa ada katika shule za serikali, za msingi na za sekondari. Kilichobaki ni sare, madaftari, viatu, na umbali wa kutembea. Mlango umefunguliwa, na sisi tusiwe wa kuufunga kwa ajili ya wivu.

Mwingine atasema, "Mkubwa naye ajitahidi, lugha si imewekwa kwa wote?" Ni kweli ajitahidi. Lakini mtoto wa miaka minne na wa miaka kumi hawakuanza mbio mstari mmoja. Haki ni kuangalia kila mmoja alianzia wapi.

Yapo pia ya mila. Kwa wenyeji wengi wa Luapula ukoo hufuata mama, na kaka wa mama, yaani mjomba, ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kwa Waluba wa Katanga, na kwetu katika sheria ya Kiislamu, mtoto hunasibishwa kwa baba. Familia nyingi huona tofauti hii kama tatizo tu, hasa inapofika posa. Sisi tunaona ndani yake pana somo kwa kaka na dada hawa. Dada akiolewa na kijana Mwislamu wa hapa, wakwe zake watauliza kwanza: kaka yake yuko wapi? Yule yule mnayemwambia leo hana kazi ndiye watakayemtafuta. Nasaba itabaki kwa baba kama dini inavyotaka, lakini heshima ya mjomba dini haijaikataza. Basi mjomba huyo anajengwa leo, nyumbani.

TUFANYE NINI?

Kwanza, wazazi tujifunze lugha. Hatusemi Kiingereza cha mitihani. Tunasema Kibemba cha salamu, soko na zahanati. Mama akiweza kusema mwapoleni na twatotela kwa kinywa chake mwenyewe, na kupiga magoti na makofi ya heshima kama wenyeji wanavyofanya kwa wakubwa, amempunguzia mtoto wake nusu ya mzigo.

Pili, tugawe ukalimani. Dukani na kwa jirani mtoto afasiri, hakuna ubaya. Mambo ya maradhi, fedha nyingi, ndoa, polisi na ofisi za wakimbizi yatafutiwe mtu mzima mwaminifu, na muuguzi aombwe hivyo bila haya. Mtoto afukuzwe na maneno ya watu wazima, hata kama anayaelewa.

Tatu, mkubwa apewe jambo lililo lake, na liwe la kweli. Yeye ndiye mwenye Kiswahili kilichokamilika katika nyumba. Basi awasomeshe wadogo kusoma na kuandika Kiswahili, na juzuu alizozihifadhi awahifadhishe. Wasimwambie lugha yake ni ya wakimbizi. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwishoni mwa 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara Mwarabu aliyekwisha kukaa huko miaka mingi. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa imeifikia nchi hii zamani. Kiswahili kimesikika huku kwa zaidi ya miaka 150. Huyu kijana hakuleta kitu kigeni.

Nne, aulizwe kabla ya uamuzi. Barua ikishasomwa na mdogo, baba amgeukie mkubwa na kusema, "Wewe unaonaje?" Mmoja amesoma, mwingine ameshauri. Kazi mbili, na hakuna iliyomeza nyingine.

Tano, tusilinganishe. Tusiseme "mtazame mwenzako". Na tusiruhusu mtoto yeyote kumcheka ndugu yake kwa lafudhi, kwa lugha yoyote ile. Wala watoto wasitumie Kiingereza mezani kumficha kaka au mama. Kazi za shule zifanywe kwa lugha ya shule. Sahani moja iliwe kwa lugha ambayo wote wanaisikia.

Sita, elimu ya mkubwa isizikwe. Ikiwa darasa la watoto limemshinda kwa aibu, atafutiwe masomo ya watu wazima au ufundi, ushoni, useremala, ujenzi. Na dada yake amfundishe Kiingereza nyumbani, kwa faragha, si mbele ya wageni. Hapo atakuwa anamlipa kwa Kiswahili anachomfundisha.

NENO KWA VIJANA

Wewe kaka, uchungu wako una sababu, na hatukulaumu kwa kuuhisi. Lakini dada yako hakukunyang'anya kitu. Alikuwa na miaka minne, alibebwa mgongoni, na pengine ni wewe uliyembeba. Msimulie hayo.

Wewe dada, ulimi wako ni neema. Ukirudi kutoka zahanati au ofisini, mwambie kaka yako yaliyosemwa kabla hujawaambia majirani. Mtake ushauri hata pale unapojua jibu.

Wahenga wametuachia neno: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Wanaokaa Mantapala wanalijua jembe hilo kwa mikono yao. Ardhi waliyopewa haitoshi kulishana ikiwa anayelima na anayesoma hawazungumzi.

Tunawaomba wazazi wakae na watoto wao Ijumaa moja baada ya Isha, redio izimwe, na kila mtoto aulizwe anachokiona kizito katika nyumba ile. Waanze na mkubwa, na wampe muda, kwa sababu aliyenyamaza miaka mingi hapati maneno mara moja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azipatanishe nyoyo za watoto wetu, awahifadhi waliohama kwa ajili ya uhai wao, na awalipe wema wenyeji waliowapokea. Amin.

Wabillahi tawfiq.